Sauti Aliyoijua Mwali

Dafrosa hakuwa mtu wa kulialia wanyama. Alizaliwa Ruponda, kwenye nyumba ambayo nyama ya porini ililetwa kama inavyoletwa kuni, na tangu utoto alijua kuchuna digidigi bila kuitoboa ngozi. Mbwa akidokoa mboga alimpiga. Kuku wa mgeni alimkamata mwenyewe, akampeleka kwa jirani akachinjwe, huku anaendelea na mazungumzo. Kwa hiyo siku alipomkuta tandala jike amekufa kwenye mtego wa waya, pembeni ya shamba lao la mikorosho, jambo la kwanza alilowaza ni kama nyama bado inafaa.

Haikufaa. Mzoga ulishaanza kunuka. Lakini kando yake alisimama mtoto, miguu mirefu isiyolingana na mwili, masikio makubwa kama majani ya mgomba mchanga. Alikuwa anakisukuma kiwele cha mama yake kwa pua, anangoja, anasukuma tena.

Ilikuwa Kwaresima. Jastin, mwanawe, wakati huo alikuwa frateri wa seminari kuu, amerudi nyumbani kwa ruhusa kwa sababu ya malaria. Alikuwa amemfuata mama yake shambani ili anyooshe miguu. Akachuchumaa mbele ya yule mtoto wa tandala na kumtazama kwa muda mrefu.

"Tumwache?" Dafrosa aliuliza. "Baba yako atasema tunaleta kesi nyumbani."

"Mama, hata huyu Mungu anamjua," Jastin alisema. "Na ametukutanisha naye."

Akamwinua, akamweka mabegani, miguu ya mbele kushoto, ya nyuma kulia. Alikuwa bado dhaifu kwa homa, anapepesuka, lakini hakukubali kupokewa. Dafrosa akamfuata nyuma na jembe lake begani. Aliona kama anayemtazama mbele yake si mtoto aliyemzaa, ni mtu mkubwa kuliko yeye.

Maziwa walipata kwa jirani. Seleman alikuwa na mbuzi, na mkewe, Mwanne, alikuwa mwepesi wa kutoa. Kila asubuhi alileta chupa yenye chuchu ya mpira na kukaa kizingitini kumtazama mnyama akinyonya mpaka macho yanafumba. Seleman ndiye aliyekuwa mchinjaji wa kijiji. Kama ilivyo desturi ya huku, ambako Waislamu ni wengi na Wakristo wamo katikati yao, sherehe yoyote ikifanyika, iwe ya harusi au ya Krismasi, anaitwa Mwislamu achinje ili watu wote wale chungu kimoja. Seleman alikuwa na namna yake. Hakunoa kisu mbele ya mnyama. Hakumchinja mmoja huku mwingine anaona. Watu walimcheka kwa hilo, naye aliwaacha wacheke.

Yule tandala akapewa jina la Mwali, kwa ile mistari myeupe iliyoshuka ubavuni, kama msichana aliyepakwa unga siku ya kutoka unyagoni kwao. Alipoanza kula majani, Rogath, mume wa Dafrosa, alikataa katakata asilale uani. "Watu wa wanyamapori wakipita hapa nitasema nini? Nitasema ni mbuzi?" Kwa hiyo walimrudisha porini, upande wa bonde lililo nyuma ya mikorosho. Hawakumfunga, wala hawakumjengea zizi. Akakaa huko, akakua, akawa mnyama mkubwa wa kutisha mtu asiyemjua. Lakini jua lilipoanza kuinama Dafrosa alisimama ukingoni mwa shamba, penye kisima cha kuchimba kwa mkono, akaita: "Mwali ee! Mwali!" Vichaka vikatikisika, naye akatokea, masikio mbele, kuja kula maganda ya maboga kwenye beseni.

Kwa Rogath hakuja. Rogath alikuwa anamrushia mabonge ya udongo kwa sababu ya mbaazi zake, na Mwali alimkimbia kwa harufu tu. Alikuja kwa watu wawili: Dafrosa, na Jastin kila alipokuwa likizo.

Ni penye kisima hicho ndipo sala ya Dafrosa ilipobadilika, ingawa mwenyewe asingeweza kukuambia imebadilikaje. Zamani aliikimbiza rozari kama mtu anayepura ufuta mvua ikiwa imetanda. Sasa alianza kumi la kwanza la Salamu Maria, Mwali akawa anatafuna karibu yake, na lile kumi la pili likamponyoka. Akabaki amekaa. Alisikia zile pumzi za mnyama, zinaingia, zinatoka, na moyoni akaona kwamba Mungu aliyempa mnyama zile ndiye aliyempa yeye zake. Siku moja machozi yalimtoka bila huzuni yoyote. Baada ya hapo hakuweza tena kula nyama ya porini. Ya ng'ombe, ya mbuzi, alikula ikiwepo, hakujidai mtakatifu. Lakini mitego ya waya aliyoikuta bondeni aliifungua, akaikunjakunja, akaitumbukiza chooni.

Wanawake wa jumuiya walipata pa kutania. "Mama Frateri ana mtoto mwingine, huyu mwenye mkia!" Alipomsimulia Jastin kwenye simu, Jastin hakucheka.

"Waache, mama. Kumhurumia kiumbe asiyeweza kukulipa chochote, hiyo yenyewe ni sala. Siku ya misa yangu ya kwanza nitalisema hilo kanisani. Nitamtaja na Mwali."

Dafrosa alilishika neno hilo kama mtu aliyekabidhiwa kitu cha kumtunzia mwenyewe. Na kila Jumapili, Jastin akipiga simu, baada ya kuuliza afya na mashamba aliuliza: "Na Mwali hajambo?"

*

Jastin alipewa upadre Alhamisi moja ya mwezi wa saba, huko jimboni, pamoja na mashemasi wenzake. Dafrosa alikaa mstari wa mbele na kitenge kipya, akaona mwanawe akilala kifudifudi sakafuni huku watakatifu wote wakiitwa, akamwona anainuka. Mwisho wa ibada, kama desturi, wazazi walitangulia kupata baraka ya kwanza ya mapadre wapya. Alipiga magoti. Jastin akamwekea mikono kichwani, kisha akaigeuza viganja juu, na Dafrosa akavibusu. Vilinuka mafuta ya krisma. Alitamani asiinuke.

"Tumsifu Yesu Kristo, Padre," alimwambia, akijifunza kumwita hivyo.

"Milele amina, mama," Jastin akajibu, na wote wawili wakacheka na kulia.

Misa ya shukrani nyumbani ilipangwa Jumapili. Ijumaa, gari lilipofika Nachingwea mjini, Dafrosa aliteremka na wanawake wa kamati. Walikuwa na mchele wa kuchukua, sare za kwaya kwa fundi, na sahani za kukodi. Angelala kwa dada yake, Gaudensia, na kuja kesho yake na mizigo. Rogath na Padre waliendelea mbele kwenda Ruponda, maana Padre alitaka alale nyumbani kwao kabla ya mapokezi.

Mchana Rogath akapiga simu, sauti imekauka. Binamu yake wa Nambilanje, kule wilaya ya Ruangwa, ambaye tangu mwaka jana alijigamba kwamba ng'ombe wa sherehe ni juu yake, alikuwa hapokei simu. Baadaye akapokea mkewe, akasema mzee kasafiri, na habari ya ng'ombe yeye haijui.

"Mama Jastin, tumeumbuka," Rogath alisema. "Watu wote hawa. Mapadre, masista, wageni toka Ruangwa na Marambo. Tutawapa nini?"

"Kuna wale mbuzi wa Seleman. Na kuku. Tutapika maharage na kabichi, mchele upo mwingi."

"Maharage!" Rogath alisema, kana kwamba ametukanwa. Akakata simu.

Jioni Dafrosa alimpigia yeye. "Vipi huyo ng'ombe?"

"Tumeshapata. Wewe lete mchele."

Akamshukuru Mungu kwa sauti, pale pale kwenye duka la nguo, mpaka fundi akageuka.

Jumamosi alipofika nyumbani, nyama ilikuwa imeshakatwakatwa, imefunikwa majani ya mgomba kwenye banda la Kornel, mdogo wake Rogath. Ilikuwa nyingi. "Huyu ndiye wa Nambilanje?" aliuliza. "Ndiye," Rogath alijibu, akiwa ameinama anafunga turubai. "Alimleta mwishoni." Dafrosa alitaka kwenda kisimani kumwita Mwali, hakuwa amemwona tangu Jumatano, lakini mapokezi yalikuwa karibu na masufuria hayajatosha. Alimwona Jastin mlangoni na kanzu nyeupe, akamsalimu kwa mbali. Jastin alimtazama, kisha akatazama chini. Amechoka mwanangu, Dafrosa aliwaza. Watu wanamvutavuta toka juzi.

*

Kanisa la kigango lilijaa mpaka watu wakasimama madirishani. Dafrosa alisikiliza mahubiri huku amemshika Gaudensia mkono, maana alikuwa amemwambia toka Nachingwea, njia nzima, kwamba Padre atasema habari ya Mwali. Padre alizungumza juu ya wito. Akawashukuru walimu wake, akaishukuru kamati, akawashukuru wazazi. Alipofika kwa mama yake alisema, "Mama yangu alinifundisha..." Akanyamaza. Watu wakadhani ni machozi ya furaha, wakampigia vigelegele. Alipoendelea alisema, "Alinifundisha kusali," akaketi.

Gaudensia akamgeukia. "Mbona hakumtaja mnyama wako?"

"Amesahau," Dafrosa alisema. Kitu kidogo kilimchoma, akakifukuza. Ni nani anayekumbuka tandala siku kama hii?

Chakula kililiwa chini ya maturubai, uwanja wa shule. Majirani Waislamu walitengewa sufuria zao, mbuzi waliochinjwa na Seleman, maana Rogath alisema yule ng'ombe aliletwa ameshachinjwa. Mwanne alikuja na mabinti zake, wakala, wakacheza ngoma. Seleman mwenyewe hakuonekana, na Dafrosa alipouliza, Mwanne alisema, "Anasema kichwa kinamuuma, dada." Akaondoka haraka kama aliyeitwa.

Kisha mshereheshaji akashika kipaza sauti. Ulikuwa wakati wa kulishana. Meza ya mbele ililetewa sinia la nyama ya kuchoma iliyopambwa nyanya na limau, vipande vimechomekwa vijiti. "Tunamuomba mama mzazi wa Padre! Mama mzazi aje mbele! Kama unampenda mama yako piga kelele!"

Watu wakapiga kelele. Dafrosa akaenda akicheza kidogo kidogo, mikono juu. Padre alisimama na kijiti mkononi. Alikirudisha kwenye sinia, akakichukua tena.

"Padre anaogopa!" mshereheshaji alisema. "Padre, huyu ni mama tu, usiogope! Mlishe!"

Dafrosa akafumbua mdomo, kama alivyofumbua asubuhi ile mbele ya mwanawe huyo huyo kupokea komunyo. Jastin akampa. Watu wakashangilia, simu zikainuliwa kupiga picha. Ilikuwa nyama laini, yenye utamu ambao si wa ng'ombe aliowahi kula, lakini mtu gani anatafuta utamu wa ng'ombe katika saa kama hiyo? Alitafuna, akameza, akamkumbatia mwanawe.

*

Magari ya wageni yalipoondoka, jua bado lilikuwa juu ya mikorosho, Dafrosa alikusanya maganda ya tikiti na majani ya kabichi, akajaza beseni, akaenda shambani na kitenge chake cha sherehe. Alitaka Mwali naye apate cha siku ile.

"Mwali ee! Mwali!"

Akangoja. Akaita tena. Kwenye bonde palikuwa kimya, vichaka vimesimama tu. Akaweka beseni chini, akasogea mbele, akaita mara nyingine kwa sauti kubwa zaidi.

"Shemeji, usiite."

Seleman alikuwa amekaa upande wa pili wa kisima, mbuzi wake wametawanyika nyuma yake. Alisimama polepole, akavua kofia.

"Umemwona?" Dafrosa aliuliza.

Seleman alimtazama, na uso wake ukabadilika. "Kumbe hukujua," alisema. "Ewe Mwenyezi Mungu. Kumbe hukuambiwa."

"Niambiwe nini?"

"Ijumaa. Mimi nilikuwa hapa hapa na mbuzi. Alikuja mumeo na Kornel, Kornel ana gobore. Wakakaa kule nyuma ya kichuguu. Mumeo aliita, mnyama hakutoka. Wakaondoka. Waliporudi walikuwa na Padre." Seleman alikuwa anaongea kama mtu anayetembea juu ya miiba. "Padre akasimama hapo hapo uliposimama wewe. Akaita. Nikasema moyoni, basi, mama mwenyewe amekubali. Mwanao ndiye aliyekuwa anaita, shemeji. Ningefikiri nini kingine?"

Dafrosa aliondoka pale alipokuwa amesimama, akasogea pembeni.

"Walikuja kunitaka nichinje, bado anahema, ili na sisi tule. Nikawaambia huyu amenyonya maziwa ya mbuzi wangu, amekuja kwa kuitwa jina lake. Kisu changu hakitamgusa. Nikaenda nyumbani. Na leo sikuweza kuja kukaa kwenye sherehe yenu. Unisamehe."

Alichofanya Dafrosa ni kwenda nyuma ya mkorosho na kujitia vidole kooni. Alijitapisha mpaka koo likatoka damu. Lakini kula kulikuwa kwa mchana, na yaliyotoka yalikuwa maji na uchungu tu. Seleman aligeukia upande mwingine akisubiri, kisha akamletea maji ya kisima kwenye kata.

*

Rogath alikuwa amekaa barazani, amevua viatu vipya vilivyombana. Padre alikuwa chumbani anapanga mavazi yake kwenye sanduku, maana kesho yake alitakiwa Ruangwa, kwenye parokia aliyopangiwa. Dafrosa alipita katikati ya baraza bila kusalimia.

"Mama Jastin, vipi?" Rogath alisema. Akauona uso wake. "Sikiliza. Wageni wengine bado wapo..."

"Sikuulizi wewe." Akasimama mlangoni mwa chumba. "Namuuliza aliyemwita. Alikuja?"

Jastin aliiacha stola aliyokuwa anaikunja. Hakuuliza ni nani anayezungumziwa.

"Alikuja, mama."

"Kwa kutembea, au mbio?"

Jastin akafunika uso. Sauti yake ilitoka katikati ya vidole. "Mbio. Alikuwa hajaniona toka Krismasi."

Dafrosa akaketi kitandani.

"Ulitaka tufanye nini?" Rogath alikuwa ameshaingia nyuma yake. "Watu wamechanga, wametoka mbali, mtoto wetu ni padre wa kwanza kijiji hiki, halafu wale maharage? Wangesema Rogath kamfanyia mwanawe matanga. Na mnyama ni mnyama! Mungu mwenyewe kawapa watu wawale. Kwani Seleman hachinji? Kwani wewe hukuchuna digidigi kwa baba yako?"

"Nilichuna," Dafrosa alisema. "Sijasema watu wasichinje. Lakini Mwali alikuwa anamkimbia kila mwanaume duniani isipokuwa mmoja. Huyo huyo ndiye mliyemtuma." Akamgeukia Jastin. "Wewe si ndiye uliyembeba? Wewe si ndiye uliyeniambia? Mimi sikuwa najua kumhurumia mnyama, Jastin. Wewe ndiye uliyenifundisha. Watu walinicheka, nikasema mwanangu amesoma, mwanangu anajua mambo ya Mungu. Kumbe wewe ulikuwa unasema tu."

"Sikuwa nasema tu."

"Basi ilikuwaje?"

Jastin aliondoa mikono usoni. "Baba alilia, mama. Sikuwahi kumwona baba analia. Nikajiambia ni mnyama, nikajiambia utaelewa. Mpaka nilipomwona anakuja. Nikataka kumfukuza, nikapiga makofi, akadhani namchezesha." Akaishika tena ile stola. "Baba alisema ukijua utaharibu sherehe. Nilikusudia kukwambia baadaye."

"Baada ya kumeza?"

Nje, mtu alikuwa anafungua maturubai, vyuma vinagongana.

"Yule wa Nambilanje kanidanganya ng'ombe," Dafrosa alisema. "Simlaumu, simjui sana. Baba yako kanidanganya, nimemzoea. Lakini wewe ulinitia mkono mdomoni mbele ya watu wote, na ulikuwa unajua."

Jastin alipiga magoti sakafuni, na kanzu yake. "Nisamehe, mama."

Dafrosa alikitazama kile kichwa alichokinyoa tangu utotoni. Mkono wake uliinuka, kama mikono ya mama inavyoinuka yenyewe, kisha ukarudi mapajani.

"Wewe umepewa uwezo wa kusamehe watu tangu Alhamisi," alisema. "Mimi sikupewa. Mimi itabidi nijifunze polepole, na sijui kama nitaweza."

*

Ngozi ya Mwali Dafrosa alimnyang'anya Kornel, ambaye alikuwa ameianika juu ya paa la banda. Seleman alichimba shimo penye kisima bila kuombwa, wakaizika ikiwa imekunjwa, mistari myeupe kwa ndani. Dafrosa alitafuta sala ya kusema akaikosa. Seleman ndiye aliyesema, "Mungu ndiye mwenye viumbe wake," akafukia.

Kijijini habari zilienea. Wapo waliomwonea huruma, wapo waliosema mwanamke huyu amechanganyikiwa, anamnunia padre kwa ajili ya nyama. Kornel alianza kumkwepa, kwa sababu kuua tandala bila kibali ni kesi kubwa. Siku moja Dafrosa alikwenda kweli mpaka ofisi ya kata. Alikaa kwenye benchi la nje, watu wanaingia na kutoka. Ofisa alipomwita, "Mama, una shida gani?" alijua kwamba akifumbua mdomo, akina Kornel watamtaja aliyemwita Mwali, na mwanawe ataitwa naye, atakuja akidhani ni mama yake tu anayemhitaji. Akasema amekosea ofisi. Akarudi nyumbani kwa miguu.

Kwa Rogath aliendelea kupika, kufua, na kuitikia alipoitwa. Rogath aliona hayo yanatosha, ikapita miezi ndipo akagundua kwamba mkewe hamwambii tena kitu chochote ambacho hakuulizwa. Alijaribu kuomba radhi kwa njia yake. Alizungusha miti kwenye kisima, akasafisha pale palipozikwa ngozi. Dafrosa alisema ahsante.

Misa alianza kwenda kuisali Marambo, ambako hawakumjua. Huko nako, komunyo ilipofika, alibaki amekaa. Hakuacha kwenda. Alimwambia Mungu: mimi nipo, sikukimbia, lakini nimelishwa vibaya na mtu wako, unipe muda.

Wakati wa kiangazi kikali, kabla mvua hazijaanza, tandala wengine walishuka kwenye bonde kutafuta maji, majike mawili na mtoto. Walisimama mbali wakimtazama alivyokaa. Mtoto akasogea mbele, masikio yamesimama. Dafrosa aliinuka, akaokota mabonge ya udongo, akawarushia huku anapiga kelele. "Tokeni! Tokeni hapa!" Walikimbia. Aliwafuata mpaka kwenye vichaka akirusha, analia, anarusha tena, hadi akasikia vishindo vyao vimepotelea ng'ambo ya bonde. Kisha akarudi kuwajazia maji kwenye karai, akaliacha mbali na nyumba, mahali ambapo watu hawapiti.

Jastin alikuja baada ya Krismasi, na bodaboda kutoka Ruangwa, peke yake. Alikuwa amekonda. Rogath alitaka kukimbilia kuku, Jastin akamwambia asisumbuke. Wakala ugali na maharage, wote watatu, kwa maneno machache ya mvua na ya bei ya korosho. Baadaye Rogath aliwaacha.

"Nilikwenda kuungama," Jastin alisema. "Kwa padre mzee wa kwetu. Alinipa malipizi, nikayafanya. Mungu najua amenisamehe." Alikuwa anaangalia mikono yake. "Kila ninapowekea mtu hostia mdomoni, nakuona wewe."

"Vizuri," Dafrosa alisema. Hakulisema kwa ukali.

"Utakuja lini misa yangu, mama?"

Dafrosa aliondoa sahani, akazipanga moja juu ya nyingine. "Siku nitakapoweza kufumbua mdomo mbele ya mkono wako nitakuja. Sitakutangulizia habari, utaniona tu kwenye mstari. Ukiona sijaja, ujue bado."

Jastin akaitikia kwa kichwa. Alipoaga, mama yake alimsindikiza, kwa sababu mgeni husindikizwa. Zamani alikuwa anafika naye hadi barabarani, anasimama mpaka pikipiki inapotelea kwenye vumbi. Safari hii alikomea kwenye mikorosho ya kwanza. Akampa mkono, mkono mtupu kama anavyopewa mtu wa kawaida, akamwambia, "Uende salama." Kisha akageuka, maana mvua ilikuwa inakuja na alikuwa na mbaazi za kuanua.